Paka wa fleti gorofa ya tano: nimpe nini afanye mchana kutwa?

njoki_wa_zimma

Wadau salamu. Naishi Zimmerman hapa Nairobi, nyumba ya chumba kimoja na sebule, gorofa ya tano, na nina paka jike anaitwa Malkia, nilimtoa kwa mtu wa kazini akiwa mdogo kabisa, saa hii ako karibu miezi tisa. Shida ni hii. Mimi natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi nikimbizane na mathree za Thika Road, narudi saa mbili usiku, jam ikiwa mbaya ni saa tatu, na huyu mrembo amekuwa ndani pekee yake siku nzima. Nikifungua mlango ananirukia miguu anauma, si kwa ubaya lakini inauma, alafu usiku ndio siku yake inaanza. Anakimbia kutoka jikoni mpaka kitandani, anapanda pazia, anaangusha vikombe kimoja kimoja huku ananiangalia machoni. Saa kumi alfajiri anaanza kulia mlangoni mpaka jirani wa chini ameniuliza kama nina mtoto mchanga. Na sofa, ile nililipia kidogo kidogo, mkono wa kushoto umebaki manyuzi tu.

Toi nimemnunulia, panya wa plastiki na kampira kenye kengele. Alicheza nazo jioni moja zikaisha maana, sasa ziko chini ya friji.

Keretaka anasema nimwachilie tu atoke "kama paka wengine" lakini huku kwetu kuna mbwa wa ploti, kuna boda, na kila mtu anaweka sumu ya panya. Sitaki kumuokota kwa mtaro. Kwa hivyo nauliza wenye wanaishi na paka ndani ya fleti na paka ako sawa kichwa, mnawapatia nini wafanye? Na bajeti yangu si ya Karen kwa matajiri tafadhali.

kobe_wa_kasarani

Paka ni wa kushika panya. Ukimfungia kwa sebule unataka afanye nini, asome gazeti? Mwachilie huyo mnyama, akisikia njaa atarudi. Waswahili walisema paka wa nyumba haingwa, mimi naongeza hafungwi pia.

kadogo254

Mzee na huyo panya kama ameshakula sumu ya jirani je? Paka akimla na yeye anaumwa, sumu zingine zinapita hivyo hivyo kutoka kwa panya mpaka kwa mwenye kumla. Hapo kwetu Umoja tumezika wa kutosha.

Swabra_SouthC

Mimi kwetu ni Lamu kwa hiyo namwelewa sana mzee Kobe. Kule paka ni wa mtaa mzima, analala kwa baraza ya huyu, anakula kwa yule, mashua za wavuvi zikija yuko pale anangoja kichwa cha samaki. Na vichochoro vya kule wanapita watu na punda, hakuna mathree ya kumpitia juu. Nairobi si Lamu. Mimi mwenyewe nina wawili hapa South C na hawaweki mguu nje.

Lakini hebu dadangu tazama tofauti. Yule wa Lamu tangu alfajiri ana shughuli: ananyemelea, anakosa, anarudia, anagombana na mwenzake ukutani, mpaka chakula kiingie tumboni ameshatoka jasho. Wako wewe umemweka salama, vizuri, halafu umemjazia bakuli asubuhi ukaenda zako. Dakika tano amemaliza kula na hana tena la kufanya mpaka saa mbili usiku. Huyo Malkia hana wazimu, hana ajira.

Kwa hiyo mpe kazi, na kazi ya paka ni kutafuta chakula. Hilo bakuli la chakula kavu liondoe kabisa. Chukua kile kipimo chake cha siku (kipimo kile kile, usiongeze) ukigawe. Nyingine tia kwenye trei ya mayai, ile ya karatasi ya mayai 30, punje moja moja ndani ya vishimo halafu funika baadhi ya vishimo na vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Nyingine tia kwenye chupa ya maji ya plastiki uliyoitoboa matundu makubwa kidogo kuliko punje zenyewe, akiibingirisha zinadondoka. Zinazobaki ficha: juu ya kabati, nyuma ya mguu wa kitanda, ndani ya kiatu cha zamani. Siku za kwanza mrahisishie, matundu yawe makubwa, maana paka asiyezoea akikosa mara tatu anakwenda kulala. Paka anayejitegemea nje hula panya kama kumi hivi kwa siku, mmoja mmoja, na kila anayemshika amekosa wengine kadhaa. Tumbo lake limeumbwa kwa vijilo vidogo vidogo, si kwa sahani moja ya asubuhi.

La pili ni saa. Paka huamka kuwinda magharibi na alfajiri, katikati analala, masaa 12 mpaka 16 kwa siku, kwa hiyo mchana usijione una dhambi sana, muda mwingi amelala. Hapa Nairobi jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima. Wewe unaingia saa mbili. Zile nguvu zake zote za magharibi zimekaa zinangoja miguu yako.

Ukiingia, kabla hata hujabandika chai, cheza naye dakika kumi. Fimbo, kamba, na kitambaa cha leso mwishoni. Na usimpelekee usoni, watu wengi ndipo wanapoharibu, hakuna panya duniani anayemfuata paka usoni. Kivute kimkimbie, kijifiche nyuma ya kiti, kinyamaze, kitetemeke kidogo tu. Utaona makalio yanaanza kutikisika. Mwache akishike, akiume, akipige mateke ya nyuma. Kisha ndiyo umpe chakula cha usiku. Atakula, atajilamba, atalala, hivyo ndivyo mwili wake unavyokwenda.

Na hiyo saa kumi alfajiri, usiinuke. Hata kumfokea usimfokee. Ukiinuka mara moja umemfundisha kwamba kulia kunafungua mlango. Wiki ya kwanza atalia zaidi, jikaze.

kadogo254

Na kamba ikiisha mchezo FICHA. Usiache uzi, sufi, utepe, nywele za kusukia, chochote kirefu chembamba. Ulimi wa paka una vimiba vimeangalia nyuma, uzi ukishaingia hawezi kuutema, unaenda ndani tu, alafu ukishika matumbo yanajikunja kama pazia na hapo ni upasuaji. Ukiuona umetokea upande ule mwingine usiuvute, kimbia hospitali.

msaidizi_wa_kliniki

Nafanya kliniki ya wanyama, si daktari mimi, ni msaidizi. Swabra amesema vizuri lakini mmeruka swali la kwanza. Njoki, huyo Malkia amefungwa kizazi?

Nauliza kwa sababu jike wa miezi tisa analia usiku mlangoni, kama pia anajiviringisha sakafuni, anajisugua kwa kila mguu wa meza, na ukimpapasa mgongoni karibu na mkia anainua makalio na kukanyaga kanyaga, huyo shida yake si upweke, yuko kwa joto anatafuta dume. Na sisi huku ikweta tuna kitu cha ziada. Paka jike anaamshwa na urefu wa mchana. Ulaya wakati wa baridi mchana ukiwa mfupi wengi wanapumzika miezi kadhaa. Nairobi mchana ni masaa 12 Januari mpaka Desemba kwa hivyo hakuna likizo, joto linakaa kama wiki, linapoa, baada ya wiki mbili tatu liko hapo tena, na litaendelea hivyo mpaka apate mimba au afungwe. Hakuna trei ya mayai itatibu hiyo.

Madume pia wahasiwe, wanapunguza kulia na kukojolea kuta.

njoki_wa_zimma

Aki msaidizi umenielezea paka wangu ni kama umekuwa hapa sebuleni 😭 hiyo ya kuinua makalio nilikuwa nadhani anapenda nikimkuna. Hajafungwa. Naenda wapi mahali hawatanimaliza?

msaidizi_wa_kliniki

Uliza Kabete, wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi wana kliniki ya wanyama wadogo. KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama kule Karen, pia uliza. Piga simu kwanza ujue bei na siku zao, bei za kliniki za mtaani zinapishana sana. Na uliza chanjo ya kichaa cha mbwa hapo hapo, usiseme hatoki, siku moja mlango utaachwa wazi.

Kwa wengine mnasoma hapa mkiwa na madume: dume akianza kuingia kwa trei ya choo kila saa, anachuchumaa, anajikaza na hakuna kitu au ni tone, msianze kusema amekasirika au anataka uangalizi. Mrija wa mkojo umeziba. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, akilala nayo siku mbili tatu anakufa. Tunaletewa wengi wamechelewa kwa sababu mwenyewe alidhani ni tabia.

fundi_katoni

Sasa sofa. Hii ni idara yangu.

Paka haparuri sofa ju anakuchukia. Anaparura kunyoosha mgongo akiamka, kutoa ganda la zamani la kucha, na kuacha harufu yake, iko kwa nyayo. Kwa hivyo hatawahi acha kuparura, unachoweza ni kumpa kitu kitamu kuliko sofa. Na vile vigingi vidogo vya duka la wanyama vya kufika magotini ni kupoteza pesa. Kigingi lazima kiwe kirefu kuliko yeye akisimama na kunyoosha mikono yote, karibu sentimita 80 au 90, na kisiyumbe ata kidogo. Kikiyumba mara moja hatakirudia, atarudi kwa sofa ju sofa haiyumbi.

Mimi nilitengeneza hivi. Nilienda kwa mafundi wa mbao nikachukua kipande cha boriti mraba, fundi akanipigia misumari chini kwa ubao mpana, mzito, alafu nikanunua kamba ya mkonge hadiwea, ile ya kawaida ya kufunga magunia, si ya nailoni, nikaizungusha nikiibana na gundi ya mbao na misumari midogo juu na chini. Vichwa vya misumari uvigonge viingie ndani kabisa. Kila kitu haikufika elfu moja na mkonge ni wetu, unalimwa hapo Taita na Kilifi, hakuna haja ya kununua kitu cha kutoka nje kwa bei ya kitanda. Kamba ikichakaa usiitupe haraka, hiyo iliyochakaa ndio anapenda.

Kuhusu mahali pa kukiweka, wengi wanaficha kwa kona ya nyuma ya mlango ati hakipendezi. Kiweke PALE PALE mbele ya mkono wa sofa unaoliwa. Kingine karibu na mahali analala. Kwa sofa yenyewe visha karatasi ya nailoni au kitambaa kilaini sana kwa muda. Akishazoea kigingi unakisogeza kidogo kidogo. Na usimmwagie maji ukimpata akiparura, anachojifunza ni kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa, na ukiwa kazini sofa ni yake.

Alafu juu. Nyumba zetu ni ndogo kwa chini lakini paka anahesabu na juu. Rafu mbili tatu ukutani kama ngazi mpaka juu ya kabati ya nguo, kama landilodi hataki kutoboa ukuta panga stuli, meza, kabati iwe ngazi. Moja iishie dirishani. Kunguru na mwewe wa Nairobi ni runinga ya bure na haihitaji tokeni za stima. Na katoni. Katoni ya unga, ya mafuta ya kupika, chochote, toboa milango miwili, ibadilishe kila wiki, leo hapa kesho pale, sio kwamba anahitaji nyingi, anahitaji ziwe ngeni. Hata toi zako za chini ya friji zitoe, weka mbili nje, zingine funga kwa droo, baada ya siku kadhaa badilisha. Atafikiri umeenda shoping.

otis_pipeline

Dirisha niongezee neno ju naona mnaliongea rahisi. Gorofa ya tano. Grili za dirisha zinazuia mwizi, hazizuii paka, kichwa kikipita mwili unapita. Neti ya mbu anaipasua na kucha moja. Ile wavu ya waya ya vibanda vya kuku ndio dawa, ifungwe kwa grili na waya wa kubana kila sehemu, pande zote nne. Balkoni hivyo hivyo, mpaka juu, sio nusu. Nguo za kuanikwa zikipeperuka ndio zinamvuta, au ndege akitua kwa reli, anaruka kabla akili haijafika.

kobe_wa_kasarani

Paka ana roho ngumu, akianguka anaanguka na miguu. Sijawahi ona paka amekufa kwa kuanguka.

otis_pipeline

Mzee heshima yako lakini hiyo hadithi ina wenyewe. Mwaka 1987 madaktari wa New York waliandika kuhusu paka 132 walioletwa kwao baada ya kuanguka gorofani, na ni kweli wengi waliotibiwa waliishi. Watu wakashika hapo tu. Hao waliishi wakiwa na mataya yamevunjika, hewa imevuja ikajaa nje ya mapafu, miguu imevunjika, na wale waliokufa pale pale chini hakuna mtu aliwapeleka kliniki kuhesabiwa. Kugeuka hewani anajua kweli. Lami ya Pipeline haijui.

mama_maua

Mimi nauza maua tao, niruhusuni niseme moja. Mtu akiwa na paka asipeleke nyumbani lili, yale makubwa ya kengele yenye harufu kali, meupe au ya pinki, tunafungia sana mashada ya harusi na mazishi. Jani, petali, ile poda ya njano akijilamba manyoya, mpaka yale maji ya chombo, yote yanaharibu figo za paka na siku chache amekwisha. Sio kumweka juu ya kabati, fundi ameshawaambia paka anafika juu ya kabati. Mteja akiniambia ana paka mimi namfungia waridi.

Na ule mmea wa kutambaa wenye majani ya moyo kila nyumba inao kwa chupa, unamchoma mdomo anatoa mate mengi, hauui lakini uweke mbali. Paka anapenda kutafuna kijani, kwa hivyo pandia nyasi zake. Chukua ngano kidogo, loweka, tia kwa mkebe wenye udongo, zikifika urefu wa kidole weka chini atafune. Ni kazi nyingine hiyo ya mchana.

kadogo254

Mama maua asante, kumbe ndio maana wa jirani yangu alikuwa anatoa mate kila wiki.

Wengine mtasema leza, ile taa nyekundu. Anakimbia sana ni kweli lakini hashiki kitu kamwe, na wengine wanabaki wanatafuta doa ukutani usiku mzima. Ukiitumia, mwisho iangushe juu ya punje ya chakula ashike kitu halisi. Na usoni usimmulike. Katinipu nayo, ule mmea wa kuwachangamsha paka, msinunue kopo kubwa kabla hamjajaribu, inaenda na ukoo, karibu thuluthi moja ya paka haiwafanyi kitu wanakuangalia tu, na kitoto cha miezi miwili hakiwezi isikia.

brayo_rongai

si umtafutie mwenzake tu? mbili zitachezeana

Swabra_SouthC

Brayo hiyo ni bahati nasibu. Ndugu wawili wa uzao mmoja ukiwachukua pamoja wakiwa wadogo, sawa, ndivyo nilivyofanya mimi. Jike mzima mwenye nyumba yake ukimletea mgeni ghafla ndani ya chumba kimoja umemletea vita. Paka si mbwa, asili yake anawinda peke yake, mwenzake ni mtu wa kugombania naye. Ikiwa lazima, mgeni akae bafuni au chumbani mlango umefungwa, wabadilishane matandiko wanusane harufu kwanza, wale pande mbili za mlango, na mengine polepole. Na vyombo viongezeke: trei za choo ni idadi ya paka ongeza moja, kwa hiyo paka wawili trei tatu. Kwa hiyo nyumba ya Njoki trei tatu atapika wapi?

brayo_rongai

hapo nimeelewa 😂 na kumtembeza na kamba kama wazungu?

fundi_katoni

Inawezekana, sio ya shingo, ya kifua, na unamzoesha ndani kwanza. Lakini mtembeze Zimma jioni uone watoto wangapi watawafuata nyuma. Paka akitishika na boda mara moja anatoka kwa hiyo kamba kinyumenyume. Mimi ningeacha.

njoki_wa_zimma

Narudi na ripoti wadau. Malkia alifungwa kizazi, akakaa siku ana hasira na mimi, amevaa ile kola ya kumzuia kulamba kidonda anagonga kila ukuta, sasa kamepona. Kulia kwa alfajiri kumeisha karibu kote. Msaidizi Mungu akubariki.

Trei ya mayai imefanya kazi kuliko vile nilitarajia, nikitoka asubuhi yeye haniangalii tena ako bize. Chupa alikataa, anaipiga teke mara moja inaingia chini ya kitanda anaiacha huko, kwa hivyo nimeirudisha kwa kabati. Jioni tunacheza na leso kabla sijavua viatu, miguu yangu imepona. Dirisha la sebule limefungwa waya, keretaka amekuja kuuliza kama nataka kufuga kuku.

Kilichobaki ni sofa. Kigingi kiko, fundi wa hapa Githurai alinitengenezea, anakitumia vizuri sana upande wa kushoto. Sasa ameanza mkono wa KULIA. Pia swali lingine, choo chake natumia mchanga wa mto na nikichelewa kurudi nyumba inanuka, na nimeskia wengine wanatumia vumbi la mbao.

fundi_katoni

Mkono wa kulia uko karibu na mlango? Basi anaparura ukiingia, ni furaha hiyo na kuweka alama. Kigingi cha pili hapo. Si lazima kirefu hivyo tena, pigilia kipande cha zulia la mkonge kwa upande wa sofa yenyewe, ata mkeka mgumu, mpe kibali rasmi.

Swabra_SouthC

Vumbi la mbao linakubalika na paka wengi, waulize maseremala hapo, wanauza kwa magunia kwa wafuga kuku. Chukua la mbao tupu lisilo na rangi wala vanishi, na lichekeche, lile vumbi laini kabisa linawapaliza. Usibadilishe siku moja, changanya na mchanga wake, uongeze kidogo kidogo. Trei iwe kubwa kumliko, karai pana la kufulia linatosha, mbali na chakula na mbali na maji. Kuchota kinyesi kila siku, asubuhi kabla hujatoka na usiku. Na mwenye mimba ndani ya nyumba asichote yeye, achote mtu mwingine, na kichotwe kila siku maana vile vijidudu vya kwenye kinyesi huchukua zaidi ya siku moja kabla ya kuweza kuambukiza.

kobe_wa_kasarani

Hiyo trei ya mayai, mtu anaweza weka omena badala ya chakula ya duka?

kadogo254

Mzee!! 😂😂 kwani umefungia nani?

kobe_wa_kasarani

Kuna mmoja ameingia kwa jua kali yangu hataki kutoka. Si wangu. Nauliza tu.

msaidizi_wa_kliniki

Omena unaweza mzee, iliyochemshwa bila chumvi, bila kitunguu, na isiwe ndio chakula chake chote. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka. Maziwa usimpe ata akilia, wengi wakiwa wakubwa yanawaharisha. Maji yawe kwa bakuli pana, mbali kidogo na chakula.

njoki_wa_zimma

Ya mwisho nawaacha. Desemba naenda ushago siku kadhaa. Nimbebe kwa mathree mpaka Nyahururu ama nimwache?

Swabra_SouthC

Mwache. Paka anaipenda nyumba yake kabla ya kukupenda wewe, na ushago akiponyoka kwa mara ya kwanza hajui pa kurudi. Lakini asikae peke yake bila mtu kumwona, mtu aje kila siku amfichie chakula, achote trei, amwangalie kama amekula. Paka akikaa siku mbili bila kula hilo si la kungoja urudi.

otis_pipeline

Tafuta mtoto wa jirani wa chini, yule alidhani una mtoto mchanga. Mwonyeshe waya wa dirisha usifunguliwe na umpe namba ya kliniki. Na ufunguo usimwachie keretaka, huyo atamwachilia siku ya kwanza.